Sare za ngoma na mizigo ya safari: tushone wenyewe



Ufikapo mwezi wa Juni, vikundi vingi vya ngoma hapa Usukuma huwa na safari. Wengine wanakwenda Bujora, kule Kisesa karibu na Mwanza, kwenye sherehe za Bulabo ambazo hufanyika baada ya sikukuu ya Ekaristi. Wengine wanaalikwa wilayani, wengine wanakwenda tu kwa ndugu zao kijiji cha pili. Kila safari ina mambo mawili yanayokula pesa: nguo za kuchezea na vyombo vya kubebea mizigo. Leo tutajifunza namna ya kuvitengeneza vitu hivyo sisi wenyewe, kwa pesa kidogo. Chukueni daftari na kalamu, maana somo hili lina hesabu ndani yake.

Kwa nini tumelichagua somo hili? Tunakifahamu kikundi kimoja, jina lake tunaliacha. Kilialikwa kwenye mashindano. Wanachama walikuwa na akiba yao, siyo mbaya. Wakaona ni aibu kwenda bila sare mpya, wakaenda dukani kuagiza sare za watu wote. Akiba haikutosha. Wakaenda kwa mtu mmoja mwenye pesa, akawakopesha, lakini alitaka alipwe kwa pamba. Pamba yenyewe ilikuwa bado iko shambani! Basi walicheza wakapendeza, wakarudi. Wakati wa kuuza pamba, wanachama wanne walipeleka sehemu kubwa ya mavuno yao kwa yule mtu, na ada ya shule ya watoto ikakosekana. Mama mmoja wa kikundi kile alituambia hivi: "Mwalimu, ile sketi ninayo bado. Kila nikiifua naona magunia yangu ya pamba."

Mnajua jinsi mashindano ya ngoma za Kisukuma yalivyo. Bagika wanacheza upande huu na Bagalu upande ule, wakati uleule. Watazamaji wanakimbia kwenda panapowavutia, na wenye umati mkubwa ndio washindi. Mambo haya yapo tangu karne ya 19. Kwa hiyo si ajabu watu kuhangaika na mapambo. Nasi hatusemi mwende na matambara. Tunasema mpendeze, lakini pesa ya nauli ibaki.

ANZA NA DAFTARI, SIYO DUKA

Kosa la kwanza la vikundi vingi ni kwenda dukani kabla ya kupima. Mwenye duka akiuliza, "Mnataka kiasi gani?" wanajibu, "Ya kututosha." Hapo ndipo pesa inapopotea. Sasa ninyi mnajua kusoma na kuandika, tena mnajua kujumlisha na kuzidisha. Elimu hiyo itumike.

Tuseme kikundi chenu kina wachezaji 14: akina mama 8 na wanaume 6. Andikeni majina yote upande wa kushoto wa ukurasa. Kisha mpimeni kila mama nyonga zake, mahali palipo panene zaidi, na urefu kutoka kiunoni mpaka anapotaka nguo iishie. Akina mama wapimane wenyewe kwa wenyewe. Kama hamna utepe wa fundi, chukueni kamba isiyovutika na rula ya mtoto wa shule. Kila baada ya sentimita 10 pigeni alama kwa kalamu au kwa uzi mwekundu. Kamba ya alama 15 ni mita moja na nusu. Huo ni utepe tayari.

Sketi tunayoifundisha ni ya kujifunga, haina zipu wala mpira. Inakwenda kama khanga, ila ina mshipi wake. Kitambaa kinazunguka nyonga, kisha kinapitiliza sentimita 50 ili mchezaji anaporuka asionekane mapaja. Tuseme mama mwenye nyonga pana kuliko wote ana sentimita 100. Basi:

100 + 50 = 150.

Kila mama anahitaji sentimita 150, yaani mita moja na nusu. Kwa akina mama 8:

mita 1.5 x 8 = mita 12.

Mpaka hapo ni rahisi. Sasa angalieni mtego.

YADI SIYO MITA

Maduka mengi ya vitambaa bado yanapima kwa yadi. Mwenye duka ana ufito wake wa chuma na anapima haraka haraka. Yadi ni fupi kuliko mita. Mita moja ina sentimita 100, lakini yadi ina sentimita 91 na kidogo. Tofauti ya sentimita 9 inaonekana ndogo, si ndiyo? Wacha tuizidishe.

Mmeandika kwenye daftari "12". Mmefika dukani mkasema, "Tupimie kumi na mbili." Mwenye duka amepima yadi 12. Hajawaibia, amepima alichoambiwa. Lakini yadi 12 ni mita 10 na sentimita 97 tu. Mkifika nyumbani mnakata sketi ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Sketi 7 zinakula mita 10 na nusu. Inabaki sentimita 47. Mama wa nane afanye nini na sentimita 47? Labda kilemba. Hapo ndipo maneno yanapoanza katika kikundi: nani aachwe?

Tena kuna jambo la pili. Kitambaa cha pamba kipya hunywea kinapofuliwa mara ya kwanza. Mita moja inaweza kupungua sentimita 5 hivi, na upana nao unapungua. Mkikishona bila kukifua, sketi zitakuja kubana baada ya kufuliwa, pengine siku moja kabla ya safari. Kwa hiyo nunueni yadi 14. Yadi 14 ni mita 12 na sentimita 80. Kikinywea kwa kiasi tulichotaja, mtabakiwa na mita 12 na zaidi kidogo. Kiloweni usiku kucha katika maji, kifueni, kianikeni kivulini, ndipo mpime tena na kukata.

Kitambaa gani? Kwa maoni yetu, kwa ngoma hakuna kinachoshinda marekani na kaniki. Bei yake ni nafuu, ni imara, hakitelezi mchezaji anapotoa jasho, na rangi moja ya watu wote inaonekana mbali kuliko maua ya kila aina. Tena vina historia. Marekani iliitwa hivyo kwa sababu ililetwa kutoka Marekani. Mwaka 1833 nchi ile ilifanya mkataba wa biashara na Sultani Said wa Zanzibar, na meli za wafanyabiashara wa mji wa Salem zikaleta vitambaa hivyo vya pamba mpaka Unguja. Kutoka huko vilibebwa na misafara ya wapagazi mpaka huku bara. Kwa hiyo babu zenu waliijua marekani kabla ya reli kufika.

KUKATA BILA KUTUPA

Baada ya kufua, tuseme upana wa kitambaa ni sentimita 110. Urefu wa sketi ni sentimita 75. Ongezeni sentimita 3 za kukunja kiunoni na 4 za upindo wa chini. Jumla ni 82. Sasa:

110 - 82 = 28.

Ukanda wa sentimita 28 umebaki kwenye kila sketi, nao una urefu wa mita moja na nusu. Msiutupe! Kateni sentimita 18 za kilemba na sentimita 10 za mshipi. Mshipi ukunjwe mara mbili na kushonwa, ndio utakaoifunga sketi. Kwa hiyo kutoka kipande kimoja mmepata sketi, kilemba na mshipi, na hakuna kilichoanguka chini ila nyuzi.

Mkasi mkali ni lazima. Mkasi butu unatafuna kitambaa. Kama kijijini kuna fundi mwenye cherehani, mwombeni ashone viungo vya mishipi tu, maana hapo ndipo panapovutwa. Upindo wa chini unaweza kushonwa kwa mkono. Tumieni uzi ulioongezwa, yaani uzi wa mara mbili. Sindano iwe inarudi nyuma hatua moja na kwenda mbele hatua mbili. Mshono huo haufumuki hata uzi ukikatika mahali pamoja. Mshono wa kwenda mbele tu ukikatika, sketi yote inaachia, tena katikati ya uwanja.

SKETI ZA KATANI KWA WANAUME

Vijiji vingi vya Usukuma vina uzio wa mkonge. Uko pale, unazuia ng'ombe, hakuna anayeutazama. Mmea huu si wa asili ya hapa. Aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai. Leo tutautumia kwa ngoma.

Kateni majani ya chini yaliyokomaa. Msikwangue mmea mzima, acheni majani ya juu kama 20 ili uendelee kukua. Na ombeni ruhusa kwa mwenye uzio! Ondoeni mwiba wa ncha na miiba ya pembeni. Pondeni jani polepole kwa mti juu ya ubao, kisha likwangueni kwa kisu butu mpaka nyama ya kijani itoke na nyuzi nyeupe zibaki. Maji ya mkonge yanawasha sana. Vaeni nguo ya mikono mirefu, msijipanguse macho, na watoto wakae mbali. Osheni nyuzi ndani ya beseni. Msizioshee lamboni wala mtoni, maana maji yale yanachafua, na samaki na mifugo wataumia. Anikeni juani siku moja, kisha chaneni nyuzi kwa ubao uliopigiliwa misumari.

Msishangae mkiona nyuzi ni chache. Kilo 100 za majani hutoa kilo 4 hivi za nyuzi. Nyuzi za jani moja zinatosha mafungu mawili membamba. Sokoteni kamba ya kiunoni. Kunjeni kila fungu katikati, lipitisheni juu ya kamba na kulifunga kwa kitanzi. Kama kamba ni ya sentimita 80 na kila fungu linachukua sentimita 2, basi mnahitaji mafungu 40. Hayo ni majani 20 kwa sketi moja. Wanaume 6 watahitaji majani 120. Nyuzi za mita moja zikikunjwa zinafika sentimita 50, yaani kwenye magoti au juu yake kidogo. Ndani mchezaji avae kaptula yake ya kawaida.

Mkitaka rangi nyeusi, chemsheni magome ya mgunga, kisha ongezeni maji yaliyolazwa na misumari yenye kutu. Magome na kutu vikikutana vinatoa weusi unaoshika. Manjano ya jikoni inatoa rangi nzuri sana ya njano, lakini jua linaifuta upesi, kwa hiyo itieni siku mbili tatu kabla ya safari. Sufuria ya rangi isirudi tena kupikia ugali. Na jambo moja la hatari: katani inashika moto upesi kama nyasi kavu. Mkicheza usiku, wenye sketi hizi wakae mbali na moto na koroboi.

Tulipofundisha jambo hili katika darasa moja, mzee mmoja alikataa. Alisema, "Mwalimu, wenzetu wakituona na katani watasema tumeishiwa." Manju wa kikundi akamjibu, "Mzee wangu, mwenye kutazama ngoma haulizi nguo ilinunuliwa wapi. Anatazama kama sketi inacheza na mguu." Na kweli, katani inacheza. Kitambaa kizito hakiwezi kuruka vile.

NJUGA, MANYOYA NA NGOZI

Njuga za mhunzi zina sauti safi, hatubishi. Kama mnazo, zitunzeni. Kama hamna, okoteni vizibo vya soda. Ndani ya kizibo kuna utando laini, ung'oeni kwa ncha ya kisu, maana ndio unaozima mlio. Pondeni kingo zilale ili zisikate ngozi. Toboeni kwa msumari, kisha fungeni vizibo viwili viwili, mgongo kwa mgongo, kwenye ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa. Vizibo 20 kwa kila mguu vinatosha. Kwa wachezaji 14, wenye miguu 28, ni vizibo 560. Watoto watavikusanya kwa wiki moja mkiwaomba vizuri. Atakayekatwa na kizibo chenye kutu aende zahanati, asisubiri, kwa ajili ya pepopunda.

Sasa tunafika kwenye jambo zito. Baadhi ya vikundi bado vina manyoya ya mbuni, ngozi za mbega, za chui au za chatu, zilizorithiwa kwa wazee. Wengine wananunua kwa wapita njia. Ndugu zetu, angalieni sana. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu vitu hivyo kuwa nyara za Serikali. Kuwa navyo bila kibali ni kosa, na adhabu zake ni kubwa, hata kifungo. Kusema "ni cha babu" hakumwokoi mtu. Kabla ya kusafiri na kitu cha namna hiyo, nendeni kwa ofisa wanyamapori wa wilaya mwulize. Kikundi kikikamatwa njiani na ngozi moja, safari imekwisha, na huenda mtu mmoja hatarudi nyumbani upesi.

Badala yake tumieni ngozi ya mbuzi. Mbuzi mwenye mabaka meupe na meusi, akichinjwa kwa ajili ya kitoweo, ngozi yake ikaushwe na manyoya yake. Kwa mbali anayetazama ataona ni mbega! Manyoya ya jogoo yanatosha kichwani, yakifungwa kwenye kile kilemba cha marekani. Badala ya simbi, shoneni vifungo vyeupe vya mashati yaliyochakaa.

Na vijana wanaopenda kucheza kama askari, sikilizeni: nguo za mabaka kama za jeshi hairuhusiwi raia kuzivaa, hata kwa mchezo. Kama mnataka kuonekana askari, vaeni kaki moja na kubeba fimbo. Bugobogobo wanacheza na majembe, na hakuna anayelalamika kuwa hawajapendeza. Jembe mnalo nyumbani.

MZIGO WA SAFARI

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku Tanzania. Kwa hiyo msitegemee kupewa mfuko dukani. Na lile begi kubwa la miraba, linaloitwa shangazi kaja, zipu yake mara nyingi haivumilii safari mbili. Tutashona mfuko wetu kwa gunia la salfeti.

Chagueni gunia la sukari, la mchele au la unga. Gunia lililobeba mbolea au dawa ya pamba lisiguswe kwa kazi hii, hata likifuliwa mara kumi. Sumu inajificha katikati ya nyuzi, nanyi mtaweka humo nguo za kuvaa mwilini na unga wa kula. Dumu la dawa nalo halifai kubebea maji. Hili tunalisema kila mwaka na kila mwaka tunaona watu wanalifanya.

Magunia mengi ya kilo 50 yana upana wa karibu sentimita 60 na urefu wa karibu sentimita 90. Kunjeni mdomo kwa ndani mara mbili, sentimita 5 kila mara, ushoneni kwa shazia na uzi wa nailoni. Msikate salfeti na kuiacha wazi, itafumuka yote. Mahali mlipokata, pitisheni kisu kilichopashwa moto, nyuzi zitayeyuka na kushikana. Fanyeni hivyo nje, moshi wake si mzuri kifuani. Mishikio iwe ya kamba ya katani iliyosokotwa. Isishonwe kwenye mdomo tu. Ishuke mpaka chini, izunguke kitako cha mfuko na kupanda upande wa pili. Hapo uzito wote unabebwa na kamba, siyo na mshono. Ndani wekeni bitana ya khanga iliyochakaa ili sketi zisikwaruzwe.

Sasa andikeni. Ndiyo, andikeni! Buti la basi limejaa magunia yanayofanana. Kwa uzi mweusi shoneni herufi kubwa: jina la kikundi na jina la kijiji. Ndani ya mfuko wekeni karatasi yenye orodha: sketi 8, vilemba 8, mishipi 8, katani 6, njuga jozi 14. Wakati wa kupakia mtu mmoja asome orodha na mwingine ahesabu. Wakati wa kurudi mfanye vivyo hivyo. Tumeona kikundi kimefika uwanjani na njuga za mguu mmoja mmoja.

Pesa isikae kwenye mfuko huo. Chukueni kipande cha marekani cha sentimita 30 kwa 20, kikunjeni katikati, shoneni pande mbili, tieni kifungo na kamba mbili za kufunga kiunoni chini ya nguo. Shoneni viwili. Kimoja avae mtunza hazina, mwenye nauli ya kwenda. Cha pili avae mama mwingine mwenye kuaminika, na humo ikae nauli ya kurudi. Kibindo hiki cha pili kisifunguliwe mpaka siku ya kurudi, hata soda ziwe baridi namna gani.

TUPIGE HESABU YOTE

Bei tunazotaja hapa ni za mfano tu. Ninyi wekeni bei za duka lenu. Tuseme kikundi kina akiba ya shilingi 300,000. Nauli ya kwenda ni shilingi 7,000 kwa mtu, na kurudi ni hivyo hivyo.

Wakinunua sare dukani kwa shilingi 25,000 kila moja:
25,000 x 14 = 350,000.
Akiba imekwisha, deni ni shilingi 50,000, na nauli hakuna. Hapo ndipo mtu anapoikumbuka pamba yake iliyo shambani.

Wakishona wenyewe:
Marekani yadi 14 kwa shilingi 3,000 = 42,000.
Sindano, shazia na nyuzi = 8,000.
Katani, vizibo, manyoya na gunia = 0.
Jumla = 50,000.

300,000 - 50,000 = 250,000.
Nauli ya watu 14, kwenda na kurudi = 196,000.
250,000 - 196,000 = 54,000.

Hizo shilingi 54,000 ni za kitoweo na dharura. Unga bebeni kutoka nyumbani, kilo moja kwa kila mtu kwa siku mbili itatosha, na sufuria moja kubwa.

Kazi yote hii haimalizwi kwa wiki moja. Katani peke yake itawachukua siku nyingi, kwa sababu watu wana palizi na ng'ombe wa kukamua. Kama safari ni Juni, anzeni Aprili. Gawaneni: wanaume kwenye mkonge, akina mama kwenye kitambaa, vijana kwenye vizibo. Na sare zikirudi zifuliwe, zikauke kabisa, ziwekwe na majani makavu ya mwarobaini ili wadudu wasiingie. Marekani iliyotunzwa itacheza misimu mingi.

MASWALI YA KUJADILI NA KUFANYA DARASANI

1. Kikundi kina akina mama 10. Kila mmoja anahitaji mita moja na nusu. Wanahitaji mita ngapi? Wakipimiwa yadi 15, je, zitatosha?

2. Kitambaa chenye upana wa sentimita 100 baada ya kufuliwa kimekatwa sketi ya sentimita 82. Ukanda uliobaki ni wa sentimita ngapi? Mtaugawaje kati ya kilemba na mshipi?

3. Sketi za katani za wanaume 9 zinahitaji majani mangapi? Nendeni mkahesabu kwenye uzio mmoja wa kijiji chenu: je, yapo?

4. Pimeni gunia moja la salfeti lililopo nyumbani. Andikeni urefu na upana wake. Je, mnajua lilibeba kitu gani kabla ya kufika kwenu?

5. Katika kikundi chenu ni nani anayeamua matumizi ya akiba? Je, anaandika? Daftari linasomwa mbele ya wanachama wote?

Majibu: 1. Mita 15. Yadi 15 ni mita 13 na sentimita 72, hazitoshi. 2. Sentimita 18. 3. Majani 180. Swali la 4 na la 5 kila kikundi kijibu chenyewe, kisha mwalimu wa darasa asikilize.